Kipimo Kinachowekwa Kabla ya Njaa

Mwaka 1883 meli ya kivita ya Japani iliyoitwa Ryujo ilirejea nyumbani kutoka safari ndefu ya mafunzo iliyoifikisha New Zealand na pwani ya Amerika Kusini. Waliokuwamo walikuwa watu 376. Kati yao 169 waliugua beriberi njiani, ugonjwa unaolegeza miguu, unaovimbisha mwili na mwishowe kuuchosha moyo mpaka ukasimama. Watu 25 walikufa. Njaa haikuwaua, maana mchele mweupe ulikuwapo wa kutosha na waliula wakashiba. Daktari wa jeshi la wanamaji, Takaki Kanehiro, aliyesomea udaktari London, alikuwa ameona kwamba ugonjwa huo uliwaandama wale ambao chakula chao kilikuwa wali mwingi na kitoweo kidogo mno. Mwaka 1884 alifanikiwa kuifanya meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ile ile, mabaharia wake wakipewa nyama, maziwa na mkate huku wali ukipunguzwa. Tsukuba ilirudi bila kifo hata kimoja cha beriberi. Nimeanza na meli hizi mbili kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu bento, lile sanduku la chakula cha mchana ambalo Wajapani wamesifika kwalo duniani. Sioni namna ya kulielewa sanduku hilo bila kujua kwanza kwamba wenyewe walikaa muda mrefu wakishiba vibaya, kabla ya kujifunza kulijaza vizuri.

Bento ni chakula cha mtu mmoja kilichopangwa ndani ya sanduku lenye mfuniko, kikabebwa kwenda kuliwa kwingine: darasani, ofisini, kiwandani, ndani ya treni, au uwanjani siku ya michezo ya shule. Sanduku lenyewe laweza kuwa la plastiki, la alumini, au la ubao mwembamba wa mwerezi uliokunjwa, kama yale yanayotengenezwa mjini Odate katika mkoa wa Akita. Ndani mna wali, kipande cha samaki au yai lililokunjwa, mboga mbili tatu za rangi mbalimbali, na achari kidogo pembeni. Picha za masanduku hayo zimeenea kila mahali, na zimewafanya wengi waamini mambo mawili: kwamba siri ya afya yake ni ule mpangilio mzuri, na kwamba ni hekima ya kale ambayo Mjapani huzaliwa nayo. Yote mawili nayakataa. Ninachokishikilia ni kwamba bento humlisha mtu vizuri kwa sababu kiasi na mgawanyo wa chakula huamuliwa mapema, kwa kipimo kinachoonekana kwa macho, kabla njaa haijabisha hodi. Kipimo hicho ni cha karibuni, kimetokana na elimu ya lishe, na kwa hiyo mtu yeyote anaweza kujifunza kukitumia, hata kama hajawahi kuonja chakula cha Kijapani maishani mwake.

Tuanze na hilo la ukale, kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi. Sanduku ni la kale kweli. Wasafiri na askari wa Japani walibeba wali uliopikwa ukakaushwa karne nyingi zilizopita, na katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, watazamaji wa michezo ya kuigiza walikula bento zao wakati wa mapumziko. Lakini kilichokuwamo ndani, kwa mtu wa kawaida, kilikuwa nini? Bento ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kuuzwa kwenye stesheni ya reli, huko Utsunomiya mwaka 1885, ilikuwa matonge mawili ya wali yenye tunda liitwalo ume kwa Kijapani, lililotiwa chumvi, pamoja na vipande vya achari ya figili, vyote vimefungwa kwa ganda la mwanzi. Huo ni wali na chumvi. Baadaye ikajulikana bento iitwayo hinomaru: wali mweupe umejaza sanduku zima, na katikati limewekwa tunda moja jekundu la ume, ikawa mfano wa bendera ya taifa. Kuanzia Septemba 1939, vita vikiwa vimepamba moto nchini China, serikali iliwahimiza raia kula bento hiyo siku ya kwanza ya kila mwezi kama tendo la kubana matumizi na kuiunga mkono nchi. Basi hilo ni sanduku la Kijapani kabisa, zuri machoni na lenye heshima ya taifa zima, ambalo mtu akilitegemea siku zote litampeleka kule kule walikopelekwa mabaharia wa Ryujo.

Jeshi la nchi kavu lilithibitisha jambo hilo kwa namna ya kusikitisha zaidi. Madaktari wake wakuu walikataa maelezo ya Takaki, wakaendelea kuamini kwamba beriberi inaletwa na vijidudu, na askari wakaendelea kupewa wali mweupe. Katika vita na Urusi vya mwaka 1904 hadi 1905, takriban askari 27,000 wa Japani walikufa kwa beriberi. Takaki naye hakuwa amekijua kisababishi kamili. Yeye alidhani kinachokosekana ni protini. Mpaka mwaka 1910 ndipo mwanasayansi Suzuki Umetaro alipofaulu kutoa kwenye pumba za mchele kile kitu kilichokuwa kikiondolewa kwa kukoboa, ambacho leo tunakiita vitamini B1. Mtu akiniambia kwamba Mjapani hula kwa uwiano kwa sababu ya utamaduni wake, namjibu kwa makaburi hayo. Utamaduni ulitoa sanduku, ustadi wa kukata na kupanga, na upendo wa mboga za msimu. Uwiano ulikuja baadaye, kutoka maabara, hospitali na madarasa ya lishe, na ulipatikana kwa gharama ya roho za watu.

Sasa tukitazame kipimo chenyewe. Wataalamu wa lishe wa Japani, akiwamo Adachi Miyuki ambaye jina lake linahusishwa sana na kazi hii, walikipanga katika tarakimu tatu rahisi: tatu, moja, mbili. Likitazamwa kwa juu, nusu ya sanduku ni chakula kikuu, yaani wali, mkate au tambi. Hizo ndizo sehemu tatu kati ya sita. Sehemu moja ni kitoweo: samaki, nyama, yai, au maharage ya soya na vitu vinavyotokana nayo kama tofu. Sehemu mbili ni mboga, pamoja na viazi, uyoga na mwani. Kwanza huchaguliwa sanduku la ukubwa unaomfaa mlaji, na hapa ndipo penye ufundi wa kweli. Sanduku likijazwa kwa uwiano huo, likashindiliwa vizuri bila kubaki mapengo, ujazo wake kwa mililita hukaribiana na nishati ya chakula kwa kilokalori. Sanduku la mililita 600 huwa na takriban kilokalori 600. Mwanamke anayefanya kazi ya kukaa anaweza kutosheka na hilo, kijana wa kiume anayecheza mpira atahitaji la 900, na mtoto wa chekechea hata la 400 linaweza kumzidi. Hakuna mizani ya jikoni inayohitajika, wala jedwali la kukokotoa. Mtu aliyesoma darasa la tatu anaweza kupanga mlo ambao mtaalamu angeupanga kwa kalamu na kikokotoo.

Inafaa tuelewe kwa nini hesabu hiyo inakubali, maana anayejua sababu hapotei hata vyakula vikibadilika. Wali mweupe uliopikwa una takriban kilokalori 156 katika gramu 100. Mboga zilizochemshwa zina nishati ndogo sana kwa uzito huo huo. Samaki na yai vimo katikati au juu kidogo. Vikiwekwa kwa tatu, moja na mbili, kizito na chepesi hufidiana. Kinachoweza kuvunja hesabu ni mafuta. Ukiweka kuku wa kukaanga kwenye kitoweo, na kwenye sehemu ya mboga ukaweka viazi vilivyochanganywa na mayonezi, sanduku la mililita 600 halitakuwa tena na kilokalori 600, litazipita kwa mbali ingawa kwa macho ni lile lile. Kwa hiyo wataalamu hao waliongeza sharti kwamba chakula chenye mafuta mengi kiwe kimoja tu ndani ya sanduku. Wengi huliona kama sharti la wapenda mazoezi, kumbe ndilo nguzo inayokishikilia kipimo kizima. Sharti la kushindilia nalo lina kazi mbili: pengo likibaki, kipimo kinadanganya, na chakula kinahama njiani hadi samaki akafika mchana akiwa juu ya wali na mchuzi wake umeenea kote.

Rangi nazo zina sifa kubwa katika mapishi ya Kijapani. Mpishi huambiwa atafute nyeupe, njano, nyekundu, kijani na nyeusi ndani ya mlo mmoja, na kweli anayezitafuta hujikuta ameweka karoti, mchicha, yai, ufuta na mwani bila kuambiwa habari za vitamini. Hata hivyo mimi sioni rangi kama zinatosha kuwa mwongozo. Nyekundu inaweza kuletwa na soseji iliyochanjwa ikawa na umbo la pweza, njano ikaletwa na unga uliokaangwa, na kijani kikaletwa na lile jani la plastiki linalotumika kutenganisha vyakula. Rangi humkumbusha mtu. Kugawa ndiko kunakolinda. Kama asubuhi ni fupi na lazima uache kimojawapo, acha rangi.

Nimesema kwamba uamuzi unatangulia njaa, na hilo nalitilia uzito mkubwa kuliko yote. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mtu aliyekaa kazini tangu saa mbili asubuhi, akatoka saa saba mchana akiwa anatetemeka, akasimama mbele ya sinia la chipsi, hachagui tena; tumbo ndilo linalochagua. Zamani au leo, tabia hiyo ni ile ile. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2015 na taasisi ya Cochrane yalionyesha kwamba watu hula zaidi pale wanapopewa kiasi kikubwa, pakiti kubwa au chombo kikubwa. Chombo kinaamua kabla ya mlaji. Anayejaza sanduku lake usiku au alfajiri anaitumia tabia hiyo ya kibinadamu kwa faida yake mwenyewe, kwa kuwa likiisha limekwisha. Lakini niwe mwangalifu hapa. Ni kweli kwamba watu wazima wenye unene wa kupindukia ni wachache nchini Japani, takriban asilimia 4 au 5, na wapo wanaorukia hapo na kusema ni kazi ya bento. Hilo halijathibitishwa. Wajapani hutembea sana, huenda kazini kwa treni, hula samaki na mboga nyumbani pia, na watoto wengi wa shule za msingi hawabebi bento siku za kawaida, hula chakula cha shule. Hoja yangu inasimama bila takwimu hiyo.

Mapingamizi yapo, na baadhi yake ni mazito. La kwanza, na ninaloliheshimu kuliko mengine, linatoka kwa wanawake. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia wa Marekani Anne Allison aliandika kwamba bento ya mtoto wa chekechea nchini Japani inamfunga mama: anahukumiwa na walimu, na wazazi wenzake, na hata na mtoto, kwa namna alivyolipanga sanduku, na mtoto naye anafundishwa utii kwa kulazimika kumaliza kila kilichomo. Baada ya maandishi hayo mambo yalizidi, kwa kuwa ilishamiri bento ya wahusika wa katuni, wali ukiumbwa sura za wanyama na macho yakikatwa kwa mwani kwa mkasi. Zipo shule za chekechea zilizopiga marufuku mapambo hayo kwa sababu watoto walianza kulinganishana. Naikubali hoja ya Allison kabisa inapohusu mapambo na hukumu ya jamii. Mama anayeamka alfajiri kuchonga karoti ziwe maua amewekewa mzigo ambao lishe haikuuomba, maana karoti iliyokatwa vipande vya kawaida ina virutubisho vile vile. Ila hoja hiyo haikifikii kipimo. Kipimo kinapunguza kazi. Anayejua kwamba anahitaji kitoweo kimoja, mboga mbili na wali hasimami jikoni akijiuliza. Wajapani wenyewe wana desturi ya kupika mboga za kukaa siku kadhaa kwenye friji, kama mizizi ya gobo na karoti iliyokaangwa kidogo kwa sosi ya soya, au mwani uliochemshwa na soya, kisha kila asubuhi huchotwa kijiko. Mara nyingi kitoweo ni kile cha jana jioni kilichotengwa kabla sufuria halijafika mezani, kikapashwa moto mpaka ndani.

Tena nani amesema lazima awe mama? Mwaka 2001, katika shule ya msingi ya Takinomiya mkoani Kagawa, mwalimu mkuu Takeshita Kazuo alianzisha siku ya bento. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita walipaswa kuandaa sanduku lao peke yao mara moja kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Februari: wapange chakula, wanunue, wapike, wapakie, na wazazi wakatazwe kusaidia. Mpango huo umeigwa na shule nyingi nchini humo. Mwanzoni wazazi waliogopa visu na moto, na hofu hiyo naielewa. Lakini Takeshita aliwaruhusu wa darasa la tano na la sita tu kwa sababu hao ndio wanaosoma somo la maarifa ya nyumbani, kwa hiyo walikuwa wameshafundishwa kabla ya kuachwa wenyewe. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba bento ni ujuzi unaofundishika. Mtoto wa miaka 11 akiweza kupanga nusu, sehemu moja na sehemu mbili, mwanamume mzima hana pa kujifichia.

Pingamizi la pili linahusu umaskini. Sanduku haliumbi chakula, linagawa kilichopo. Nyumba isiyo na samaki wala yai haitanufaika kwa kuambiwa sehemu moja kati ya sita iwe kitoweo. Japani iliutambua ukweli huu mapema. Chakula cha shule kinachotajwa kuwa cha kwanza nchini kilitolewa Tsuruoka, mkoani Yamagata, mwaka 1889, katika shule iliyofunguliwa hekaluni kwa ajili ya watoto wa maskini, na kilikuwa matonge ya wali, samaki wa chumvi na achari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja sheria ya chakula cha shule ya mwaka 1954, na leo karibu shule zote za msingi zinatoa mlo mmoja kwa watoto wote. Sanduku la mtu binafsi huonyesha hadharani nani anacho na nani hana, na mtoto anayelifunika kwa mkono asionekane anachokula ameumizwa maradufu. Kwa hiyo sisemi bento ichukue nafasi ya chakula cha shule. Nasema kwamba palipo na chakula, kipimo hiki kinakitendea haki, na ndani ya sufuria la shule pia uwiano ule ule unaweza kutumika.

Kuna wanaouliza kuhusu chumvi, na hapo sina utetezi. Achari na tunda la ume viliingia kwenye sanduku kwa ajili ya kuhifadhi chakula, na tunda moja la ume la kienyeji linaweza kuwa na gramu 2 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Wajapani hula karibu gramu 10, na serikali yao yenyewe imeweka lengo la chini ya gramu 7.5 kwa wanaume na 6.5 kwa wanawake. Anayeiga bento aiache sehemu hiyo, atumie siki, ndimu, tangawizi na ufuta kuleta ladha. Wengine huuliza kuhusu wali kuwa nusu nzima, na swali lao ni la haki, kwa kuwa miongozo mingine, kama ule wa sahani wa Chuo Kikuu cha Harvard, huipa nafaka robo tu. Nadhani anayekaa kitini siku nzima anaweza kuusogeza mpaka kuelekea upande wa mboga, na mwenye kisukari afuate maelezo ya daktari wake. Mpaka unaweza kusogezwa. Ubaya ni kutokuwa na mpaka.

Linabaki jambo la usalama, ambalo watu hulipita haraka kuliko linavyostahili. Chakula kinachopikwa alfajiri na kuliwa mchana kinapitia saa kadhaa katika joto ambalo bakteria hulipenda, yaani kati ya nyuzi 20 na 50 za Selsiasi. Wali una bakteria wake aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi kwa kuchemsha. Wali ukiachwa vuguvugu kwa muda mrefu, mbegu hizo huamka na bakteria huzaliana. Kwa hiyo Wajapani huutandaza wali upoe kabisa kabla ya kufunika, kwani mvuke ukinaswa chini ya mfuniko hugeuka matone ya maji yanayoharakisha kuharibika. Mboga za majani hukamuliwa mpaka zikauke, mayai hupikwa mpaka kiini kiwe kigumu, nyanya ndogo huondolewa vikonyo kwa kuwa hapo ndipo uchafu hujificha, na matonge hufinyangwa kwa karatasi ya plastiki badala ya viganja, maana bakteria wa ngozini huacha sumu isiyoondolewa kwa kupasha moto. Ile imani kwamba tunda moja la ume hulinda sanduku zima haina msingi, kwa sababu nguvu yake haifiki mbali na pale lilipogusa.

Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hapo ndipo pa kubadilisha mengi zaidi. Mchele mfupi wa Kijapani hubaki laini ukipoa. Mchele wetu mrefu, kama pishori na basmati, hukauka na kuwa mgumu, na ugali uliopoa kila mtu anaujua. Mchuzi wa nazi huchacha upesi katika joto la pwani. Kwa hiyo pana njia mbili tu zilizo salama: ama chakula kiwe cha moto kweli ndani ya hotpoti nzuri, zaidi ya nyuzi 60 hadi saa ya kula, ama kiwe kikavu, kimepoa kabisa kabla ya kufunikwa, na kibebwe na kipande cha barafu kilichofungwa. Vuguvugu ndiyo hatari. Viazi vitamu vilivyochemshwa na chapati hustahimili ubaridi kuliko wali. Dagaa waliokaangwa bila mchuzi ni kitoweo bora kabisa cha sanduku. Makande yana nafaka na kunde pamoja, kwa hiyo yakichukua sehemu nne, mbili zinazobaki ziwe mchicha na karoti, na tayari kipimo kimetimia bila kitu kimoja kutoka Japani.

Nakuomba basi, msikilizaji, leo jioni uchukue lile kopo unalobebea chakula, ulijaze maji, kisha uyamimine kwenye chupa iliyoandikwa vipimo uone ni mililita ngapi. Ukishajua ujazo wake, lichoree kwa macho mstari wa katikati, na ile nusu ya pili uigawe mara tatu. Kesho asubuhi anza kwa kuzijaza mboga sehemu zake mbili kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu mboga ndizo tunazozipunja siku zote.